Albamu Niliyompendekezea Mwalimu

Kundi letu lilikuwa na watu saba, na kabla ya kumjua fundi hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukutana na mtu mwingine hapa Dodoma anayesikiliza muziki ule. Fundi ana kibanda cha kutengeneza simu na redio mtaa wa Kikuyu, si mbali na nyumba niliyopanga chumba. Nilikwenda kwake kununua hedifoni, mwaka wangu wa kwanza baada ya ofisi yetu kuhamishiwa huku. Alizijaribu mbele yangu kwa wimbo uliokuwa kwenye simu yake, nami nikautambua. Ni wa bendi ya wasichana wanne, magitaa mawili yanagombana na mwimbaji anasikika kwa mbali, kama mtu anayezungumza chumba cha pili. Nikamwuliza ameupata wapi. Akaniangalia vizuri, akasema, "Dada, wewe ni mtu wa tatu."

Wa kwanza alikuwa yeye mwenyewe, mzaliwa wa Kondoa, ambaye kaka zake walishachoka kumwambia kwamba anasikiliza kelele. Wa pili alikuwa mwalimu wa fizikia, Mgogo wa miaka hamsini na kitu, mkazi wa Zuzu, nje kidogo ya mji. Mwalimu aliuanza muziki huo kwenye kanda alizoachiwa na mgeni mmoja aliyefundisha naye zamani. Kanda zilishakatika zote, lakini aliweza kukuimbia sehemu za gitaa kwa mdomo, akifunga macho. Wengine wanne, wakiwemo wanafunzi wawili wa chuo, walikuja baadaye mmoja mmoja, kila mtu akidhani yuko peke yake.

Tulikuwa na utaratibu. Katikati ya wiki mtu mmoja anapendekeza albamu kwenye kundi la simu, wote tunaisikiliza kila mtu kwa wakati wake, halafu Jumapili alasiri tunakutana kibandani kwa fundi na kuipiga yote kwenye spika, bila kuruka wimbo. Anayependekeza lazima aseme isikilizweje: asubuhi au jioni, chumbani au barabarani, ukiwa na watu au peke yako. Majina ya bendi yalikuwa yanatuponyoka ulimi, kwa hiyo tuliziita albamu kwa picha za majalada yake. Kulikuwa na ya mbwa wawili, ambayo fundi aliipenda kwa sababu ya mpiga besi. Kulikuwa na ya ngazi, ya mwalimu, ndefu na ya huzuni, ambayo nesi mmoja wa kundi letu alisema inamfaa mtu aliyetoka zamu. Nilizipenda zote mbili na bado ningemwambia yeyote azitafute.

Yangu ilikuwa ya kiti cheupe. Ilirekodiwa na watu watatu tu, bila kampuni yoyote nyuma yao, ndani ya kiwanda kilichofungwa katika mji mmoja wa baridi. Nyimbo nne za mwanzo hazina dramu kabisa. Ni gitaa na sauti ya mwanamke, na upepo unaopita kwenye mabati ya kiwanda. Wimbo wa tano unaanza na mngurumo wa chini sana, unaokuja polepole kwa dakika mbili nzima, mpaka unauhisi kifuani kabla ya sikio kuusikia vizuri. Halafu dramu zinaingia, na kila kitu kilichokuwa kimezuiwa kinaachiwa.

Miezi yangu ya kwanza hapa sikuwa na mtu, na albamu hiyo ndiyo niliyokuwa nikitembea nayo jioni. Kwa muda mrefu niliogopa kuipendekeza. Mimi ni mwoga, tena wa mambo madogo kabisa. Niliogopa watasema ya kawaida. Niliogopa zaidi mwalimu, ambaye maneno yake yalikuwa machache, akikosa la kusema. Zamu yangu ilipofika mara nyingine, Jumatano ya mwezi wa nane, upepo ukiwa umechachamaa na vumbi limeingia mpaka kwenye majalada ya ofisini, nilijikaza nikaandika hivi: "Yangu ni ya kiti cheupe. Msiisikilize ndani. Tokeni nje, tembeeni, hedifoni masikio yote mawili. Mkifika wimbo wa tano ongezeni sauti mpaka mwisho."

Mwalimu alijibu kwa ujumbe wa sauti, kama ilivyokuwa kawaida yake, kwa kuwa alisema vidole vyake ni vinene kwa kuandika. "Binti, nimeshaishusha kwenye simu. Leo nikitoka shuleni nakwenda nayo kandokando ya reli mpaka nyumbani. Ni mwendo wa dakika arobaini hivi. Naona itanifikisha mlangoni."

Nilituma alama ya dole gumba. Nakumbuka nilifurahi kwa namna alivyosema itamfikisha mlangoni.

Jioni hiyo nilitoka kazini nikapitia kwa mama anayeuza nyanya karibu na kwangu. Nilikuwa nachagua nyanya simu ilipolia. Ulikuwa ujumbe katika kundi la wapangaji wa nyumba yetu, kutoka kwa jirani ambaye dada yake anaishi Zuzu: "Jamani, treni imegonga mtu Zuzu sasa hivi. Mwenye ndugu upande huo apige simu. Wanasema alikuwa na hedifoni masikioni."

Niliusoma mara mbili. Yule mama akaniuliza kama nataka na vitunguu. Niliweka nyanya zake chini taratibu, moja moja, kana kwamba zingeweza kuvunjika.

Nilimpigia mwalimu. Simu iliita mpaka ikakatika. Nikapiga tena, ikawa haipatikani.

Kutoka pale mpaka kibandani kwa fundi ni mwendo mfupi; nilikimbia. Nilimkuta amefungua simu ya mteja, skrubu amezipanga kwenye kifuniko cha chupa. Nilimpa simu yangu asome mwenyewe. Alisoma, akajaribu kumpigia mwalimu kwa simu yake, haikupatikana.

"Watu wanaopita kando ya reli ile ni wengi," alisema.

"Wenye hedifoni?"

Alifunika skrubu zake kwa sahani, akachukua ufunguo wa pikipiki. Alipokuwa anafunga mlango wa kibanda, mimi nilisimama nyuma yake nikafanya jambo ambalo sikumwambia siku ile. Nilifungua kundi letu nikautafuta ujumbe wangu wa asubuhi, ule wa hedifoni masikio yote mawili na sauti mpaka mwisho, nikaufuta kwa wote. Niliwaza kwamba simu ya marehemu itachukuliwa, itafunguliwa, na mtu ataona nani alimwambia afanye nini. Wakati huo nilikuwa nimeshamwita marehemu kichwani mwangu.

Njiani upepo ulikuwa unatupiga ubavuni. Nilijilazimisha kuwaza mambo mengine, lakini kilichokuja kilikuwa ule mngurumo wa wimbo wa tano. Nilihesabu. Kama alitoka shuleni muda wake wa kawaida, na kama aliianza albamu getini, basi wimbo wa tano ungemkuta katikati ya njia, pale ambapo reli inapinda na vichaka vya miiba vinakaribia tuta. Treni ya mizigo inavuma namna ile ile. Ningeweza kuapa mahakamani kwamba mtu asingetofautisha.

Fundi alikuwa anaijua nyumba ya mwalimu kwa sababu aliwahi kumpelekea redio. Tulipofika tulimkuta mke wake amekaa kwenye kigoda uani anabangua karanga. Sikuwahi kumwona kabla ya siku hiyo.

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba. Karibuni. Ninyi ni wa muziki," alisema, akimtambua fundi. "Mwenyewe hajafika, ila yuko njiani. Kaeni, upepo wenyewe huu."

Hakuwa anajua. Nyumba yao iko mbali kidogo na reli, nyuma ya shamba la zabibu la jirani, na habari haikuwa imefika uani kwake. Fundi alinitazama. Kisha akamwambia kwamba anakwenda mbele kumpokea mwalimu, akawasha pikipiki na kuondoka. Aliniacha pale. Hata leo sijui kama alinionea huruma, alitaka kunizuia nisione, au alishindwa tu kukaa.

Mama alinisogezea kigoda na ungo. Nikaanza kubangua naye. Vidole vilikuwa vinafanya kazi na macho yangu yalikuwa kwenye njia.

"Leo amechelewa," alisema. "Lakini tangu aanze mambo yenu amekuwa mtu wa kuchelewa. Anakuja mdogo mdogo, anatabasamu peke yake. Siku moja nilimwona kutoka hapa, anacheza. Mtu mzima, na daftari za wanafunzi mkononi."

"Anapenda sana muziki," nilisema.

"Anapenda. Mwanzo nilidhani ana mwanamke." Akacheka kidogo. "Nikamwambia afadhali kelele."

Nilitaka kumwambia. Niliyapanga maneno: mama, kuna habari kwamba treni imegonga mtu. Lakini mtu gani? Ningeanzaje bila kumalizia? Nilijiambia kwamba sina hakika, kwamba kumtisha bure ni dhambi. Ukweli ni kwamba niliogopa ataniuliza yule mtu alikuwa anasikiliza nini.

Jua likashuka likagusa miiba. Mwanamke mmoja akapita njiani kwa haraka, kanga imefungwa kichwani, akaita kwa Kigogo. Mama akajibu kwa Kigogo. Nilisikia neno treni. Mama akasimama, karanga zikamwagika kutoka kwenye mapaja yake. Hakunitazama kwanza. Alitazama njia, kisha akageuka kwangu polepole, akasema, "Na ninyi mlikuja kwa sababu gani?"

Nadhani uso wangu ulimjibu. Akaweka mkono ukutani, akakaa tena, si kwenye kigoda bali chini kabisa. Nami nikakaa chini karibu naye. Alinishika kifundo cha mkono akakibana, na tukabaki hivyo, hatulii, hatuongei, tunatazama njia. Sijui ilikuwa dakika ngapi. Nimewahi kuumwa, nimewahi kufiwa na baba, lakini sijawahi kuogopa namna ile. Kila kilichosogea kwenye ile njia kilinikata pumzi, hata mbuzi.

Kwanza tulisikia pikipiki. Kisha tukaona taa yake, na mtu mmoja tu juu yake, na mama akatoa sauti ndogo sana. Pikipiki ilikuwa inakwenda taratibu mno. Ndipo nikaona kwamba kuna mtu anatembea pembeni yake, ameshika begi la vitabu, hana koti.

Alikuwa mwalimu.

Mama hakumkimbilia. Aliinuka, akapukuta maganda ya karanga kwenye nguo, akaingia ndani, akarudi na maji kwenye kikombe. Mwalimu alikunywa yote. Mikono yake ilikuwa na damu iliyokauka, na mama alipoiona akaenda kuleta beseni na sabuni, akamnawisha kama mtoto.

Fundi ndiye aliyeniambia yaliyompata kule. Alikuta watu wamesimama kwenye tuta na mwili umefunikwa kwa koti la kahawia, lile analovaa mwalimu kila siku. Alisema aliona koti akakaa kwenye mchanga. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyemwinua, simu yake imezima mfukoni, chaji imekwisha.

Aliyegongwa alikuwa mzee mmoja mfugaji wa jirani. Alirudi kwenye reli kumtoa mbuzi mchanga aliyebaki nyuma. Hakuwa na hedifoni wala simu. Sijui nani alianzisha maneno yale ya hedifoni. Huenda mtu alimwona mwalimu akikimbilia pale, nyaya zinaning'inia masikioni, na habari ikaungana njiani.

Usiku ulikuwa unaingia tulipoketi wanne ndani na mwalimu akaanza kusema. Alikuwa anamsemesha mke wake, lakini sisi tulikuwepo.

"Mimi nilikuwa kwenye kijia, chini ya tuta. Mzee alikuwa mbele yangu, kama mwendo wa kutoka hapa mpaka kwa jirani. Nilimwona anapanda na fimbo yake. Nilisikia mngurumo. Nikadhani ni wimbo." Akatazama viganja vyake. "Ulikuwa unakuja vizuri sana. Nikaongeza sauti. Halafu upepo wa mabehewa ukanipiga mgongoni, treni ikapita kando yangu, ndipo nikajua. Nikapiga kelele. Lakini ilikuwa imeshanipita."

"Honi je?" fundi aliuliza kwa sauti ya chini.

"Wanasema ilipigwa. Sikuisikia."

Mama alikuwa anamtazama mumewe, si mimi, nami nilishukuru. Halafu nikaona aibu ya shukrani hiyo, na juu yake aibu nyingine. Nilipomwona mwalimu akija njiani, furaha iliyonijaa ilikuwa kubwa kiasi kwamba sikukumbuka kuuliza nani amekufa.

Tulikwenda kwenye mazishi, mimi na fundi, siku ya Ijumaa. Niliogopa kwenda. Nilijiona kama mtu anayeingia kwenye nyumba aliyoiibia. Nilikaa na wanawake, na mmoja wao, binti wa marehemu, mtu mzima mwenye watoto wake, aliniuliza nimetoka wapi. Nikamwambia mjini, ni rafiki wa mwalimu.

"Mwalimu alimfunika baba kwa koti lake," alisema. "Mungu ambariki. Baba alikuwa hasikii. Miaka mingi. Tulimkataza reli, akasema yeye amekulia kando ya reli na wenye treni ndio wageni."

Wenzake wakatabasamu huku wanalia. Nilikamata neno lile la hasikii nikalishikilia kwa mikono miwili. Kama mzee hakuisikia honi ya treni, angesikiaje sauti ya mtu? Nilimnong'oneza mwalimu jambo hilo tulipokuwa tunaondoka, nikidhani nampa dawa.

"Nimeambiwa," alisema. "Lakini hakuwa kipofu. Ningeweza kukimbia nikapunga mkono."

Wiki mbili zilipita bila mtu kuandika chochote kwenye kundi. Ya tatu mwalimu alikuja mjini kwa shughuli zake, akanipigia simu tukakutana kwenye mgahawa karibu na stendi. Aliagiza chai. Alikuwa amekonda. Tulizungumza habari za shule, za ofisi yangu, za mvua, kisha akasema bila kubadilisha sauti, "Kuna ujumbe wako uliufuta. Siku ile ile. Niliuona usiku, mahali pake pameandikwa umefutwa. Kwa nini?"

Nilikuwa nimeandaa uongo siku nyingi, lakini mbele yake haukuja. "Niliogopa wataufungua kwenye simu yako," nilisema. "Waone kwamba mimi ndiye niliyekuambia."

Alikoroga chai iliyokwisha kukorogwa.

"Kwa hiyo ulishanizika," alisema.

"Ndiyo, mwalimu. Nisamehe."

Mhudumu akaja akaondoa sahani. Hatimaye akasema, "Mimi nilipofika kwa yule mzee, kitu cha kwanza nilichofanya ni kutoa nyaya masikioni na kuzificha mfukoni. Kabla hata ya kumgusa. Kwa hiyo usiniombe mimi msamaha." Akanywa chai yake, akaniuliza kama bado nakaa Kikuyu, nikasema bado. Hatukulizungumza tena.

Kundi lilirudi polepole. Wale wanafunzi wawili hawakurudi. Walihitimu na kwenda makwao. Ya kiti cheupe hatukuwahi kuipiga kibandani, na mwalimu hajui mpaka leo nyimbo za baada ya ule wa tano zikoje. Sijamshauri azisikilize. Mimi nimejaribu mara moja, nimekaa kitandani, mlango wazi, nikazima wimbo wa nne ulipoisha.

Kupendekeza kumekuwa kazi ngumu kwangu. Kabla ya kumtajia mtu albamu naisikiliza yote upya, nikitafuta mahali panapoweza kumdhuru, na napaona kila mahali: mlio unaofanana na wa gari, kimya kirefu kinachomwacha mtu na mawazo yake, maneno ambayo mwenye msiba asingepaswa kuyasikia. Nesi alinicheka. "Kwa hesabu hiyo na kanisani wasiimbe," alisema. Anayo haki. Lakini yeye hakukaa chini kwenye ule ua.

Mwezi uliopita ilikuwa zamu yangu tena na nilishindwa kukataa. Nilichagua albamu fupi ya vijana wawili, gitaa moja na kinanda cha zamani, waliyoirekodi jikoni kwao. Unasikia hata maji yakichemka. Niliandika tu: "Msiisikilize peke yenu. Tusubiri Jumapili."

Jumapili mwalimu alikuja na mke wake. Hakuwahi kumleta kabla ya hapo. Mama aliingia kibandani akasalimiwa na kila mtu, akatazama spika, nyaya, na simu zilizofunguliwa mezani, kisha akaja kukaa kwenye benchi karibu nami.

"Nimekuja kuona kinachomchukua," alisema.

Fundi akaianzisha. Wimbo wa kwanza ulipokuwa unakwenda nilimwangalia mwalimu, mikono yake, shingo yake, kila kona ya uso wake. Mama akanigusa goti.

"Wanaimba nini hawa?"

Nikamwambia siyaelewi maneno yote, ila nadhani wanaizungumzia nyumba waliyoihama. Akaitikia kwa kichwa, akavua viatu, akasikiliza.